Taazia kwa Wazazi Waliofiwa na Mwana

Ada ya msiba kwetu, pwani na bara, ni ada iliyokamilika: mtu akifariki, habari hupelekwa, mikeka hutandikwa, turubai hufungwa uani, wanawake huingia jikoni bila ya kualikwa, wanaume hushika majembe, na rambirambi huandikwa katika daftari ili kila mkono uliotoa ukumbukwe. Ada hiyo humbeba mjane na yatima katika zile siku za mwanzo, na humbeba pia mzazi aliyefiwa na mwanawe. Walakini kwa huyu wa mwisho huja siku, baada ya tanga kuanuliwa na mikeka kurudishwa kwa wenyewe, ambapo ada huwa imemaliza kazi yake ilhali msiba wenyewe ndio kwanza unaanza. Kiatu kidogo kingali chini ya kitanda. Sahani moja huzidi wakati wa kupakua. Ni kwa ajili ya siku hizo zinazofuata matanga, na kwa ajili ya Mkristo aliyefundishwa tangu utotoni kwamba analo tumaini na sasa halioni liliko, nimeandika nasaha hizi. Nazo nawaandikia wazazi wenyewe na kadhalika wanaowazunguka, kwa kuwa katika jambo hili aghalabu mwenye kuhitaji mafundisho ni yule anayebembeleza kuliko yule anayelia.

Neno la kusawazisha kabla ya mengine yote ni lile la mtume Paulo kwa Wathesalonike, ambalo husomwa katika mazishi mengi na kueleweka kombo katika baadhi yake. Kanisa la Thesalonike lilikuwa bado changa, maana Paulo aliingia Makedonia karibu na mwaka 50 baada ya Kristo, na baadhi ya waumini walikuwa wameanza kufariki kabla ya Bwana kurejea, jambo lililowatia wenzao shaka kubwa. Ndipo alipowaandikia ya kwamba huzuni yao isifanane na huzuni ya watu wasiotazamia kitu ng'ambo ya kaburi. Hakuwakataza huzuni. Alichotaka ni kwamba ndani ya huzuni ileile, pamoja na machozi yake yote, liwemo jambo ambalo wengine hawanalo. Na mtu awaye yote anayeisoma aya hiyo mbele ya jeneza dogo, kisha akamwambia mama anyamaze, humsingizia mtume neno asilolisema. Bwana mwenyewe alipofika Bethania, hali akijua ya kuwa kabla siku haijakwisha Lazaro atatoka kaburini akitembea kwa miguu yake, alilia hadharani, na watu wakayaona machozi yake wakasemezana. Ikiwa yeye aliyejua yote alilia, sioni kwa nini sisi tusiojua mengi tuamrishwe kukausha macho.

Wale wanaodhani kwamba imani iliyo imara haina kilio na wamtazame Martin Luther, ambaye hapana atakayemtuhumu kwa uhaba wa imani. Alifiwa na binti mchanga, Elisabeth, mwaka 1528, na mwezi wa Septemba 1542 akafiwa na binti mwingine, Magdalena, mwenye umri wa miaka 13, aliyekata roho mikononi mwa babaye, huku mamaye amesimama mbali kidogo na kitanda kwa kushindwa kutazama. Luther aliwaambia waliokuwapo kwamba hana shaka na aendako mtoto, na ya kuwa rohoni anafurahi ingawa mwilini ameungua kwa majonzi; kisha akamwandikia rafiki yake ya kwamba yeye na mkewe Katharina iliwapasa kumshukuru Mungu, bali mapenzi ya mzazi yalikuwa na nguvu mno hata wasiweze kujizuia na kilio. Mtu huyu alikuwa ameshindana na mapapa na wafalme bila ya kurudi nyuma.

Sasa niseme na wanaokwenda kuhani. Wajibu wao ni mtukufu, na miguu yao inayowapeleka nyumba ya msiba ina baraka. Hatari iko kinywani. Nimekwisha kusikia, kama msomaji naye alivyosikia, maneno ambayo hutamkwa kwa nia njema na kuchoma kama kisu: kwamba Mungu amempenda zaidi, kwamba Mungu alihitaji ua zuri katika bustani yake, kwamba kazi ya Mungu haina makosa, kwamba ninyi bado vijana mtapata mwingine, kwamba afadhali wewe unao wengine. Mama anayeambiwa kuwa ua lake limechumwa ana haki ya kuuliza bustani ya Mwenyezi ina upungufu gani hata ihitaji mtoto wa miaka minne; na baba anayeambiwa kwamba atapata mwingine hufahamu, hata kama hajibu, kwamba msemaji amemhesabu mwanawe katika jumla ya vitu vinavyobadilishwa kwa vingine. Wala nisidhaniwe kuwa nawakebehi wasemao hivyo. Wengi wao husema kwa hofu, kwa kuwa kimya cha nyumba ile kinatisha na neno lolote huonekana afadhali kuliko kimya.

Lakini Maandiko yametupa kielelezo cha kimya chenye adabu. Rafiki zake Ayubu walipomwona amefiwa na watoto wake kumi kwa siku moja na mwili wake umeshikwa na majipu, walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, bila ya kumwambia neno. Na kama wangaliondoka siku ya saba jioni, wangalikumbukwa mpaka leo kuwa mabingwa wa kuhani. Waliharibu walipofungua midomo kumweleza sababu, na mwisho wa kitabu Mungu mwenyewe anawakemea kwa hayo. Tena lile neno la Ayubu juu ya Mungu atoaye na kutwaa, ambalo siku hizi huandikwa juu ya matangazo ya vifo karibu yote, alilitamka Ayubu mwenyewe, ameanguka chini, amerarua joho lake na kunyoa kichwa. Hapana jirani aliyemtamkia. Na kinywa hichohicho, muda si mrefu baadaye, kiliilaani siku ya kuzaliwa kwake, nayo Biblia imeyahifadhi yote mawili pasipo kufuta lolote. Mfiwa akilisema neno lile la kwanza, tuitikie amina. Akilisema la pili, tukae pale pale tulipokaa.

Hali ni hiyohiyo kwa utenzi maarufu wa shwari na mawimbi, uliomo katika Tenzi za Rohoni na kuimbwa katika misiba yetu mingi. Aliyeutunga, Horatio Spafford, alikuwa mwanasheria wa Chicago. Mwezi wa Novemba 1873 meli iitwayo Ville du Havre iligongana na nyingine katika bahari ya Atlantiki ikazama na binti zake wanne, mkewe Anna akaokolewa peke yake, naye Spafford akapanda meli kumfuata, na inasimuliwa kwamba maneno yale yalimjia huko baharini, karibu na pahali walipozama wanawe. Ni baba aliyeyasema hayo, kwa wakati wake. Wenye kuimba wauimbe utenzi huo kwa niaba ya mfiwa, na wasimtazame usoni kuona kama naye anaimba.

Basi aseme nini mwenye kuhani? Aseme pole, na alitaje jina la mtoto. Sisi tuna desturi ya kumwita mama kwa jina la mwanawe, na haswa la kifungua mimba. Akifa mtoto huyo, majirani hushikwa na haya, wakaanza kumwita mamaye kwa jina la ukoo au kwa jina la mtoto wa pili, na mwanamke yule, aliyekwisha kupokonywa mwana, akapokonywa na jina lake katika juma lilelile. Aulizwe apendavyo kuitwa. Wako wanaotaka jina lile libaki maisha yao yote, na wako ambao kwa muda hawawezi kulisikia. Lakini kuamuliwa na wengine huwaumiza wote. Kisha mwenye kuhani afanye kazi inayoonekana: ateke maji, awapeleke shule watoto waliobaki, afuatilie hati ya kifo katika ofisi ya serikali, akae na yule mgonjwa aliye ndani asiyeweza kwenda kaburini. Mambo hayo ni mahubiri yanayosikika hata na mtu ambaye masikio yake yamezibwa na huzuni.

Mfiwa naye nina neno juu ya mwili wake, kwa sababu watu wa dini hupenda kuanzia rohoni na kuusahau mwili. Eliya alipotamani kufa chini ya mretemu, malaika hakumpa somo. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha ale tena. Mfiwa ale kidogo kila mara hata asiposikia ladha, anywe uji, anywe maji, alale anapoweza kulala hata kama ni mchana. Mama aliyefiwa na mtoto wa kunyonya atashangaa maziwa yakimjaa siku mbili tatu baada ya mazishi, na hapana anayemwonya juu ya jambo hilo, nalo ni katika machungu makubwa ya msiba wa namna hii. Asiyakamue yote, maana kuyakamua huyaita mengine. Akamue kiasi cha kupunguza maumivu tu, avae vazi la kumshika kifua vizuri, aweke kitambaa cha maji baridi, na ikiwa titi litakuwa jekundu na kuuma pamoja na homa, aende zahanati pasipo kungoja. Na yeyote ambaye majuma yanapita halali, hali, au anaanza kunong'ona kwamba heri naye angezikwa, apelekwe kwa daktari na asiachwe peke yake; kumpeleka kwa daktari hakupunguzi maombi, wala maombi hayazuii dawa.

Nafika sasa kwenye jambo ambalo kwa rai yangu huwatesa wazazi kuliko kifo chenyewe, nalo ni kutafuta mwenye kosa. Mzazi huanza na nafsi yake. Laiti ningelimpeleka hospitali usiku uleule, laiti nisingelimtuma dukani, laiti ningelikuwapo. Hukumu hiyo huendeshwa usiku, kesi ni ileile kila siku, na mshitakiwa hana wakili. Dawa yake ya kwanza ni maarifa. Mzazi aende kwa daktari au muuguzi aliyemhudumia mtoto, aombe kuelezwa kwa lugha nyepesi kilichotokea. Wengi watasikia, kwa mfano, kwamba malaria kali au nimonia humgeuza mtoto mdogo katika muda wa saa chache, hata aliyekuwa akicheza asubuhi akawa mahututi kabla ya usiku, na kwamba dalili alizoziona mama zilikuwa dalili za homa ya kawaida ambazo mama yeyote angeziona hivyo. Na pale ambapo kweli palikuwapo uzembe, mzazi asiuzike moyoni. Aukiri kwa padre au kwa mchungaji, asikie ondoleo la dhambi likitamkwa kwa sauti, kwa maana msamaha ambao mtu hujitamkia mwenyewe gizani huwa hausikiki vyema.

Baada ya nafsi yake, mzazi, au mara nyingi zaidi ukoo wake, hutafuta mkono wa mtu. Hapa Mkristo hana budi kusimama imara. Ziko nyumba ambazo watu wake wameimba tenzi mchana na usiku wakaondoka kwenda kwa mganga wa ramli waulize nani aliyemla mtoto. Na mganga, kwa kuwa hula kwa kujibu, hujibu. Katika sehemu za Kanda ya Ziwa vikongwe wameuawa kwa tuhuma za namna hiyo, na ushahidi wenyewe wakati mwingine ni macho mekundu, yaliyokuwa mekundu kwa sababu bibi yule amepuliza moto wa kuni au wa kinyesi cha ng'ombe maisha yake yote. Mtoto aliyelala kaburini hatapata raha kwa damu ya bibi wa jirani, na mama aliyejazwa tuhuma hupewa chuki mahali alipohitaji faraja, nayo chuki hukaa muda mrefu sana.

Yuko na mtuhumu wa tatu, naye huja na Biblia mkononi: mhubiri anayesema kwamba mtoto amekufa kwa sababu ya dhambi ya wazazi, au kwamba hawakuamini vya kutosha wakati wa maombi, au kwamba sadaka ilikuwa haba. Huyo na ajibiwe kwa sura ya 9 ya Injili ya Yohana, ambapo wanafunzi waliuliza nani aliyetenda dhambi, kipofu au wazazi wake, na Bwana akakataa yote mawili. Na kwa sura ya 13 ya Luka, juu ya watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, ambao hawakuwa waovu kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu. Akileta habari ya mtoto wa Daudi na Bathsheba, aulizwe kama ametumwa na Mungu kama Nathani alivyotumwa. Na ikiwa hakutumwa, akae kimya na ale ubwabwa wa msiba kama wageni wengine.

Swali ambalo mzazi Mkristo hulichukua kifuani hata anapoona haya kuliuliza ni hili: mwanangu yuko wapi? Daudi, mtoto wake alipokufa siku ya saba, aliinuka chini, akaoga, akaingia kuabudu, kisha akala, na watumishi walipostaajabu akawaambia kwamba mtoto hatarudi kwake bali yeye atakwenda kwa mtoto. Kauli hiyo ni fupi, lakini wazazi wengi wameishi kwayo. Bwana Yesu aliwachukua watoto mikononi, akawakasirikia wanafunzi waliowazuia, na akasema ufalme wa Mungu ni wa walio kama hao. Hakuwauliza umri wala cheti cha ubatizo. Nataja ubatizo makusudi, kwa kuwa wako akina mama waliojifungua mtoto aliyekwisha kufa, au aliyeishi saa moja, na tangu hapo wanabeba hofu kwamba mtoto yule amefungiwa mlango. Kwa Wakatoliki jambo hili si la kubahatisha: Katekisimu ya mwaka 1992 inawakabidhi watoto hao kwa rehema ya Mungu anayetaka watu wote waokolewe, na mwaka 2007 Tume ya Kimataifa ya Teolojia, kwa idhini ya Papa Benedikto wa Kumi na Sita, ilitoa waraka mzima juu ya sababu za kutumaini wokovu wao. Padre anayelijua hilo na kumwacha mama na hofu yake, kwa uvivu wa kueleza, ana deni.

Tena watu husema mtoto amekuwa malaika. Ni neno la mapenzi, wala sitamkosoa bibi anayelisema huku akilia. Lakini tumaini tulikirilo katika Kanuni ya Imani ni kubwa kuliko hilo. Tunakiri ufufuo wa mwili, maana yake kwamba mtoto yule, mwenye kovu lile la goti na kicheko kile, atafufuliwa akiwa yeye mwenyewe, wala hatageuzwa kuwa kiumbe cha jinsi nyingine. Bwana aliyefufuka alikuwa na alama za misumari, na Mariamu wa Magdala alimtambua alipomwita kwa jina. Mzazi anayelilia mikono ile midogo hailii kwa upungufu wa dini. Analilia kitu ambacho imani yake yenyewe imekiahidi.

Na kwa kuwa ataitwa kwa jina, mtoto apewe jina, hata akiwa ameishi pumzi chache. Katika jamii zetu nyingi mtoto mchanga sana huzikwa upesi na wanawake wachache, pasipo matanga, na mamaye huambiwa ainuke kana kwamba hakuzaa. Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani ambaye jina lake linajulikana kwa kila anayesoma historia ya Kiswahili, alipata mtoto wa kwanza aliyezaliwa kabla ya wakati, njiani nyikani, katika safari ya kuingia Ethiopia. Mtoto aliishi kitambo kidogo tu, lakini yeye na mkewe Rosine walimbatiza, wakampa jina la Eneba, yaani chozi, wakamzika huko njiani. Mwaka 1844 wakafika Mombasa, na mwezi wa Julai wa mwaka huohuo Rosine akafariki kwa homa siku chache baada ya kujifungua binti wa pili, na mtoto naye akamfuata mamaye. Kaburi lao liko ng'ambo ya kisiwa, upande wa Nyali. Wahubiri hupenda kuisimulia barua aliyoiandika Krapf baada ya hapo, akilihesabu kaburi lile kuwa ishara ya kwamba kazi ya Mungu imeanza katika pwani hii. Mimi napenda zaidi wakumbuke kwamba aliiandika akiwa yeye mwenyewe ametoka kuugua homa ileile, na kwamba ujane wake na kazi yake vilikwenda pamoja miaka mingi; kamusi yake ya Kiswahili ilichapishwa London mwaka 1882, naye amekwisha kufa mwaka uliotangulia. Ujasiri wa namna hiyo tuustahi, walakini tusimpimie nao mama wa jirani.

Juu ya mume na mke ningependa kusema kwa kirefu zaidi kuliko nafasi iniruhusuvyo, kwa kuwa nyumba nyingi hupasuka katika mwaka wa kwanza wa msiba. Mume hurudi kazini upesi, au huanza kukarabati paa ambalo halikuwa likivuja, na haongei. Mke hulia, hutaka kusimulia siku ile ya mwisho tena na tena, na hukiona kimya cha mumewe kuwa ni moyo wa jiwe, ilhali mume huona kwamba kilio cha mkewe kinamshitaki. Tumrudie Daudi. Kwa mtoto mchanga alifunga na kulia kabla ya kifo, kisha akaoga na kula. Kwa Absalomu, mwana mtu mzima aliyemwasi, alipanda chumba cha juu ya lango akilia na kuliita jina lake, akatamani afe badala yake, hata Yoabu akalazimika kumwinua kwa maneno makali. Ikiwa mtu mmoja aliomboleza kwa namna mbili, watu wawili watawezaje kuomboleza kwa namna moja? Wapeane ruhusa hiyo waziwazi. Wakubaliane wakati wa jioni, watoto wakishalala, ambapo mume atasikiliza hata kama hana la kusema, na mke atamwacha aondoke akisema imetosha kwa leo. Na ukoo wa mume ukianza kunong'ona kwamba mke alikuja na mkosi, au kumtafutia kijana wao mwanamke mwingine, ni mume anayepaswa kulikomesha jambo hilo, mapema, mbele ya wazee. Asipoweza peke yake, wazee wa kanisa waende naye, maana cheo chao kina faida gani kama hakiwezi kuingia nyumba kama hiyo?

Wazazi wengine huniuliza wafanyeje wasipoweza kusali. Wasijilazimishe kutunga sala. Zaburi ya 88 huanza na kilio na kuishia gizani, pasipo shukrani wala sifa mwishoni kama zaburi nyingine za namna yake, na waliokusanya Zaburi hawakuiongezea mwisho mwema. Mtu anaweza kuisoma na kunyamaza. Naye akishindwa hata kusoma, wengine wasali mahali pake. Yule mwenye kupooza wa Kapernaumu alibebwa na watu wanne, wakatoboa dari, na Injili inasema Bwana aliitazama imani yao wao. Juu ya imani ya yule aliyelala kitandani haisemi neno. Hapo ndipo nilipolipata jibu langu kwa mfiwa anayesema kwamba halioni tumaini: halazimiki kulibeba mwaka huu. Walibebe jumuiya, walibebe umoja wa wanawake, alibebe mama yake mdogo anayekuja kila Jumapili mchana na kukaa tu.

Lakini ili walibebe, hawana budi wawepo. Katibu wa jumuiya aandike katika daftari lake tarehe ya kuzaliwa ya mtoto na tarehe ya kufariki, na watu wawili watumwe katika mwezi wa tatu, ambapo wageni wamekwisha kukoma, na katika siku ya kuzaliwa, na siku matokeo ya mtihani wa darasa lake yatakapotangazwa, na katika Krismasi ya kwanza. Tarehe 2 Novemba, kwa makanisa yanayowakumbuka marehemu wote, jina la mtoto lisomwe pamoja na ya wazee. Na ikiwezekana apatikane mzazi mwingine aliyepita njia hiyo. Katika mji wa Coventry, Uingereza, kasisi kijana wa hospitali aitwaye Simon Stephens aliona jinsi wazazi wa wavulana wawili waliokufa karibu wakati mmoja walivyofarijiana kuliko alivyoweza yeye kuwafariji, na mwaka 1969 kikaanzishwa chama cha wazazi waliofiwa, ambacho kimeenea nchi nyingi. Sisi hatuhitaji chama wala katiba; tunahitaji mchungaji anayejua ni nani kanisani aliyemzika mtoto miaka kumi iliyopita, na mwenye busara ya kuwakutanisha.

Watoto waliobaki waambiwe kweli, kwa maneno machache. Wakiambiwa ndugu yao amelala wataogopa kulala, na wakiambiwa amesafiri watakaa barazani wakimngoja. Nguo na madaftari ya marehemu, akina shangazi wasiyagawe wala wasiyachome kwa haraka ya kusafisha nyumba. Yangoje mpaka mama aseme, hata ikiwa ni baada ya mwaka.

Pengine, baada ya muda, atazaliwa mtoto mwingine, na watu watakuja kushangilia wakisema Mungu amerudisha. Hapo nakumbuka hesabu iliyo mwishoni mwa kitabu cha Ayubu. Kondoo wake 7,000 wakawa 14,000, ngamia 3,000 wakawa 6,000, jozi za ng'ombe na punda wakaongezwa kwa kipimo hichohicho, yaani kila alichopoteza alirudishiwa mara mbili. Bali watoto, waliokuwa kumi, alizaliwa kumi tu. Wafasiri wa zamani walilitazama jambo hilo wakasema kwamba watoto wale wa kwanza hawakuhitaji kurudishwa maradufu, kwa kuwa mbele ya Mungu hawakupotea kama walivyopotea mifugo, na Ayubu alikuwa sasa na watoto ishirini. Basi mzazi aliyebakiwa na wanne duniani, akiulizwa ndani ya basi au kwenye foleni ya kliniki ana watoto wangapi, na ajibu watano akipenda, pasipo kuona kwamba amesema uongo. Na aliyeuliza, akisikia baadaye kwamba mmoja wao amelala makaburini, amuulize jina lake nani.